Ngozi za Madame Lieve

Mkiniuliza nilifanya kazi gani kabla ya pensheni, huwa najibu kwamba nilikuwa fundi wa ngozi, nanyi mnadhani viatu. Si ajabu. Baba yangu kule Buyenzi, Bujumbura, alikuwa fundi viatu, na mimi nilipoingia Brussels nikiwa mkimbizi sikuwa na ujuzi mwingine mikononi. Lakini ngozi nilizozishughulikia hapa miaka yote ile hazikuwa za viatu. Zilikuwa za kubandika chini ya ski, zile mbao ndefu za kutelezea, ili mtu aweze kupanda mlima wenye theluji kwa nguvu za miguu yake. Nyinyi vijana mliopelekwa kwenye theluji na shule mmezoea kupandishwa na viti vinavyoning'inia kwenye waya. Watu ninaowasema hawataki viti. Wanapanda wenyewe asubuhi nzima ili washuke mara moja.

Mtu wa kwanza wa kwetu niliyejaribu kumweleza jambo hili ni Maman Furaha, yule mama wa Bukavu aliyekuwa na saluni karibu na Porte de Namur. Siku hiyo nilipita kwake na jozi ya ngozi begani, nimetumwa kuipeleka kwa mteja. Akaishika moja, akaipapasa kama mtu anayenunua kitambaa.

"Papa Haruna, hii ngozi ni ya nyama gani?"

Nikamwambia kwamba zamani ilikuwa ya sili, mnyama wa baharini, ndiyo maana Wafaransa mpaka leo wanaiita ngozi ya sili. Siku hizi ni nailoni, au manyoya ya mbuzi, au mchanganyiko wa vyote viwili.

"Na inafanya kazi namna gani?"

Nikamweleza. Upande mmoja una manyoya, nayo yamelala kuelekea nyuma. Ukisukuma ski mbele, yanateleza. Ski ikitaka kurudi nyuma, manyoya yanasimama na kung'ang'ania theluji. Upande wa pili una gundi. Unabandika, unapanda, ukifika juu unabandua na kukunja, unashuka ukiteleza.

Alinisikiliza mpaka mwisho, mkono mmoja ukiwa bado kwenye kichwa cha mteja.

"Bon. Donc muntu anaacha nyumba yake yenye chauffage, anaingia mu train, anaenda kupanda mulima na miguu, halafu anashuka tena kwenye alianzia."

"Ndiyo."

"Na hakuna muntu mwenye anamufukuza?"

Saluni nzima ilicheka, nami nikacheka. Wengi wetu mle ndani tuliwahi kupanda vilima tukiwa na watu nyuma yetu. Maman Furaha akarudi kwenye kusuka.

Aliyenifundisha kazi hiyo aliitwa Madame Lieve. Alikuwa Mflamandi, Mbelgiji wa kaskazini, wa upande wa baharini, kwenye nchi bapa kama meza, na pengine ndiyo sababu alipenda milima kwa uchu. Alikuwa amenizidi umri vya kutosha, ana mikono mikubwa na nywele fupi alizojikata mwenyewe. Kifaransa chake kilikuwa na mkwaruzo wa Kiflamandi, changu kilikuwa cha Buyenzi. Sote wawili tulikuwa wageni ndani ya lugha ile, na hilo lilitusaidia kusikilizana.

Duka tulilofanyia kazi lilikuwa kwenye mtaa wa pembeni. Juu waliuza makoti na viatu kwa watu wa maofisini wanaokwenda milimani wakati wa likizo. Sisi tulikuwa chini ya ardhi, kwenye kave kama wanavyosema hapa. Dirisha letu lilikuwa vipande vya kioo kinene vilivyojengewa kwenye njia ya waenda kwa miguu, havifunguki. Ukitazama juu uliona vivuli vya nyayo vikipita. Mimi niliajiriwa nishone mabegi na viatu vya mlimani. Ngozi zilikuwa za Lieve peke yake, mpaka msimu mmoja zilipomzidi, akanikabidhi pasi.

Ngozi yangu ya kwanza niliiunguza. Kazi ilikuwa ya kutoa gundi ya zamani: unatandika karatasi ya kaki juu ya gundi, unapitisha pasi ya moto, gundi inayeyuka na kuingia kwenye karatasi, unaivuta ingali moto. Baba yangu alinifundisha kuheshimu ngozi ya ng'ombe, ambayo inavumilia. Nailoni haivumilii. Nilisikia harufu, nikainua pasi, manyoya ya upande wa pili yalikuwa yamejikunja kuwa ukoko mgumu. Lieve alikuja akatazama, akapitisha kidole juu ya ukoko ule.

"Vizuri," akasema. "Sasa tunajua pasi ni nzima."

Kisha akanionyesha namna ya kujaribu moto wa pasi kwenye kipande kibovu kwanza, na namna ya kuitembeza bila kuisimamisha, kama mtu anayevuka barabara yenye magari. Sikuunguza tena nyingine.

Kuna jambo alilonifundisha kabla ya mengine yote, nanyi nalitaka liwaingie: gundi ya ngozi hizi haikauki. Gundi ya kiatu hukauka na kushika moja kwa moja, ndiyo kazi yake. Hii lazima ishike na iachie, ishike na iachie, msimu mzima, kwenye baridi. Ukiipaka nene inabaki chini ya ski na kukuchafulia kila kitu. Ukiipaka nyembamba mno inabanduka mlimani. Lieve alipima kwa dole gumba. Alibonyeza, akainua polepole. Dole likitoka na nyuzi za gundi kama jibini iliyoyeyuka, gundi imezeeka. Likitoka safi lakini kwa kusita, kama linalovutwa kurudi, ngozi iko tayari.

Wateja tulikuwa nao wa kila namna. Mwalimu mmoja wa Laeken, ambaye baadaye niligundua anakaa mtaa wa pili kutoka kwangu, alituletea jozi yenye manyoya pande zote mbili. Lieve aliigeuza, akaigeuza tena.

"Ulizianika wapi, Madame?"

"Juu ya kochi."

"Na mbwa?"

Yule mwalimu akaona haya, halafu akaanza kucheka. "Mbwa ndiye mwenye kochi."

"Basi umepata ngozi mpya kabisa," Lieve akamwambia. "Itakupandisha vizuri. Shida ni kwamba ikifika juu itataka kurudi nyumbani."

Tulizisafisha, na tukamwambia yale tuliyowaambia wote: ning'iniza ngozi chumbani, mbali na chauffage, yaani moto wa kupashia nyumba, na mbali na jua, kwa sababu joto kali huiharibu gundi kuliko baridi. Usiifungie kwenye begi ikiwa mbichi. Ikikauka, ikunje gundi kwa gundi, au weka ule wavu mwembamba katikati kama utaihifadhi mpaka mwaka ujao. Usiache vumbi, usiache nyuzi za sweta. Na usiache mbwa.

Nawasimulia ya kuchekesha kwanza kwa sababu yalikuwapo, na kwa sababu ninayotaka kufikia hayachekeshi.

Kila majira ya baridi Lieve alikwenda kwenye milima ya Alpi na kaka yake. Walikwenda tangu ujana wao, kijiji kile kile, mlima ule ule. Alirudi uso umemwiva kwa jua isipokuwa mahali pa miwani, akawa kama bundi mwekundu, na siku kadhaa za kwanza hakuna kazi iliyoendelea vizuri kwa sababu alikuwa akizungumza. Kwa kawaida hakuwa mtu wa maneno. Lakini kulikuwa na mahali kule juu alipopapenda, ambapo mgongo wa mlima unabonyea kati ya vilele viwili na mtu anaweza kuchungulia upande wa pili. Wafaransa huita mahali kama hapo col. Alisema ukifika pale asubuhi, bonde moja limekwisha kupata jua na jingine bado liko kwenye kivuli cha buluu, na wewe umesimama katikati, mguu mmoja huku na mmoja kule. Alinichorea njia kwenye karatasi ya kaki: hapa msitu, hapa kijito, hapa unashuka kidogo kabla ya kupanda tena. Kisha alipitisha pasi juu ya karatasi ile ile, mchoro ukalowa gundi, tukautupa.

"Mwaka huu unakuja nami," aliniambia.

"Sina ruhusa ya kuvuka mpaka."

Kadi niliyokuwa nayo ilikuwa ya rangi ya machungwa. Wazazi wenu wanaijua. Iliniruhusu kufanya kazi na kuishi hapa kwa kusubiri, basi. Kesi yangu ilikuwa inazunguka maofisini, watoto wangu wanakua, wanajifunza Kiflamandi shuleni, nami bado naitwa mwombaji wa hifadhi.

"Ni Ufaransa tu, Haruna. Pale mpakani hakuna hata mtu."

"Siku nitakayopita mimi, atakuwapo."

Akafikiri. "Nitakulaza nyuma ya gari, nikufunike na mabegi."

Alisema kweli, hakuwa anatania. Nilimjibu kwamba nimekwisha kuvuka mpaka mmoja chini ya mizigo ya watu, na sitavuka mwingine hivyo kwa ajili ya starehe. Akaenda kuosha mikono, na hakurudia tena habari ya mabegi. Tangu hapo, kila baridi ilipokaribia, alisema tu, "Basi mwakani," nami nikaitikia, "Mwakani." Ikawa kama salamu yetu ya msimu.

Ile miaka ndiyo ninayoililia. Kama mngemwona Lieve wakati ule. Alikuwa anabeba ski za wateja, jozi nne begani, akipanda ngazi za kave bila kushika ukuta. Alikuwa na pumzi za kunipandisha mlima wowote, na mimi nilikuwa na miguu. Kilichokosekana ni kadi ya rangi nyingine.

Kazi nayo ilikuwa inabadilika. Mwanzoni tulitumia kiyeyushi cha kopo kusafisha mabaki ya gundi, na gundi mpya tuliipaka kwa brashi, tabaka baada ya tabaka, tukisubiri kila moja ipoe. Harufu ilikuwa kali, ikakaa kwenye nguo zetu mpaka Zubeda, mke wangu, akawa ananipokea koti mlangoni na kulitundika nje. Baadaye ikaja gundi iliyotandazwa kwenye karatasi tayari, unaibandika kwa pasi, hakuna kopo. Baadaye zaidi zikaja ngozi zisizo na gundi tuliyoijua, zinashika kama plasta laini, zikichakaa zinatupwa. Lieve alikuwa ameshaomba muda mrefu tuwekewe feni ya kutoa hewa chafu mle chini. Feni ilikuja siku zile ambazo makopo ya kiyeyushi yalikuwa yanakaribia kwisha.

Kikohozi chake kilianza kama mafua. Kilipita msimu wa baridi, kikapita na wa joto. Akaanza kupumzika katikati ya ngazi na kujifanya anafunga kamba za kiatu. Daktari alimuuliza kama anavuta sigara, naye hakuwahi kuvuta. Akaambiwa mapafu yameharibika na hayatarudi kama zamani, asipande mahali pa juu. Kama ilikuwa gundi, kama ilikuwa kitu kingine alichozaliwa nacho, hakuna aliyetuambia kwa uhakika. Yeye mwenyewe hakutaka kuilaumu kazi. Mimi nilivuta hewa ile ile miaka mingi na mapafu yangu ni mazima, sasa nitamwambia nini mtu?

Ninyi mnaoingia kwenye kazi za mikono, popote mtakapokuwa, ombeni hewa kabla ya kuomba vifaa. Mkinyimwa, ombeni tena.

Kadi yangu mpya ilitoka masika yale yale ambayo Lieve aliacha kazi. Nilikwenda kumwonyesha Maman Furaha kwanza, kwa kuwa saluni yake ilikuwa njiani. Akaigeuza, akaibusu, akanirudishia.

"Alors, sasa na weye utapanda mulima bila kufukuzwa."

Nikaenda kwa Lieve. Alikuwa ameketi karibu na dirisha lililo wazi. Aliishika kadi kwa muda mrefu kuliko Furaha.

"Mimi sitaweza kupanda tena," akasema. "Lakini kijijini ni chini, naweza kufika. Utapanda wewe. Mimi nitakuwa dirishani na darubini."

Nilimwambia sijui hata kusimama juu ya ski. Akasema ndiyo maana Wabelgiji wamejenga milima ndani ya majumba. Msimu mzima akanipeleka kwenye jumba moja nje ya mji lenye mteremko na theluji ya kutengenezwa, mimi na umri wangu, miongoni mwa watoto wa kofia za rangi wanaopita kama nyuki. Nilianguka kwa kila namna mtu anavyoweza kuanguka. Hewa ya baridi ilimkohoza, kwa hiyo alikaa nyuma ya kioo kwenye mkahawa, akinionyesha kwa mikono: piga magoti, angalia mbele, usimwangalie mtoto yule. Zubeda alikuja mara moja kutazama, akaketi naye. Walikuwa hawana lugha moja ya kutosha, lakini niliwaona wakicheka pamoja kila nilipokwenda chini.

Tuliondoka asubuhi kutoka Gare du Midi. Zubeda alitufungia sambusa, Lieve akala zake kabla treni haijatoka stesheni. Alikuwa amenipa ngozi zake mwenyewe, za manyoya ya mbuzi, alizozitumia tangu alipokuwa msichana na kuzibadilishia gundi mara nyingi. Safari ile gundi niliiweka mimi. Alikuwa amepima kwa dole gumba, akaitikia kwa kichwa, basi.

Kiongozi wetu mlimani alikuwa mwanamke wa kijijini aitwaye Agnès, aliyemjua Lieve tangu utotoni. Tulikuwa kundi dogo. Lieve alibaki kwenye hoteli, kitini, dirisha likitazama mteremko, darubini mapajani. Nilimgeukia mara moja kutoka ukingo wa msitu, sikuona kitu ila mng'ao wa kioo.

Sasa niwaambie juu ya kupanda. Husukumi, unaburuta. Mguu haunyanyuki, ski inatelezea mbele, unasikia manyoya yakishika, unahamisha uzito. Ukishapata mwendo wake, kuna sauti, kama mtu anayekuna kitambaa kizito, na pumzi yako inaifuata. Nilikuwa nimezishika ngozi maelfu, na sikuwa nimewahi kusikia sauti ile. Ilinishtua kwamba nilifanya kazi muda wote ule bila kuijua.

Chini, theluji ilikuwa imelowa kwa jua, ngozi zikanywa maji. Tulipoingia kwenye kivuli, ikawa kavu na baridi, ikaanza kuganda kwenye manyoya yaliyolowa. Nikahisi narefuka. Chini ya kila ski kulikuwa na donge, natembea kama mwanamke wa harusini mwenye viatu vya visigino. Dawa ya hilo niliijua, kwa sababu tuliwaambia wateja kila siku: kwangua donge, chukua kipande cha nta, sugua kwa kufuata ulalo wa manyoya, kamwe si kinyume. Nta ya mshumaa pia inafaa kama huna nyingine. Nikafanya, nikaenda.

Kisha tukafika ile sehemu ya kushuka kidogo kabla ya kupanda tena, kama alivyonichorea. Tukabandua ngozi, tukateleza, nikaanguka mara moja tu. Pale chini tukaanza kubandika upya. Nilikuwa nimeifungua ngozi ya kwanza upepo ulipokuja kutoka upande, ukainyakua mkononi, ukailaza kifudifudi kwenye theluji ya unga. Nilipoiinua, upande wa gundi ulikuwa mweupe wote.

Niliikwangua kwa ukingo wa ski, urefu wote. Nikaisugua kwenye suruali. Nikafungua koti, sweta, na fulana, nikaiweka kifuani juu ya mwili mtupu, nikajifunga tena. Nilitoa sauti ambayo wenzangu waliikumbuka safari nzima. Wakati ngozi inapata joto, nikaikausha ski yenyewe kwa kitambaa, kwa sababu gundi nzuri haiwezi kushika ski iliyolowa. Kisha nikabandika, nikabonyeza kutoka mbele kwenda nyuma, na nyuma kabisa nikazungushia mkanda wa mpira niliouweka mfukoni, maana mkia ndio hubanduka kwanza. Ikashika.

Tulipanda mpaka nikaiona col. Ilikuwa karibu vya kutosha nione mwamba uliosimama pembeni yake, na watu waliotutangulia, wadogo kama mbegu. Agnès akasimama. Mteremko uliobaki ulikuwa umepata jua, na vidonge vya theluji vilikuwa vinajiviringisha vyenyewe kushuka, kimoja, kisha viwili, bila mtu kuvigusa.

"Tunarudi," akasema.

"Ni pale tu," nikamwambia.

"Naona."

Sikumbishia. Theluji ikianza kujiviringisha yenyewe, mteremko mzima unaweza kuifuata. Nilijua yuko sahihi. Mpaka leo sijui kama ule muda niliotumia kuipasha ngozi moto ndio uliotunyima kufika. Nilimuuliza Agnès tukiwa njiani kushuka. Akasema hapana, jua liliwahi siku ile. Pengine ni kweli. Pengine alinihurumia.

Lieve alikuwa bado kitini.

"Niliona mmegeuka," akasema kabla sijavua viatu.

"Theluji ilianza kulainika."

"Agnès amefanya vizuri." Akanyoosha mkono, nikampa ngozi. Akabonyeza dole gumba, akainua. "Hii ilianguka."

"Upepo."

"Uliipashia wapi?"

"Kifuani."

"Juu ya sweta?"

"Chini ya kila kitu."

Akacheka. Alicheka mpaka kikohozi kikamshika, kikamshikilia, mwenye hoteli akaja na maji, nami nikapiga magoti pale nimemshika mabega na sina la kufanya. Kilipomwacha, alikuwa na machozi.

"Mwakani," akasema.

"Mwakani," nikasema. Nilijua, naye alijua kwamba najua.

Alifariki kabla baridi haijarudi. Alizikwa kwao baharini, siku ya upepo na mvua ya manyunyu. Mimi na Zubeda tulikwenda kwa treni. Kaka yake alikuwa mzee wa fimbo, hatukuwahi kuonana. Alinitazama, Mwafrika pekee pale makaburini pamoja na mke wangu, akaja moja kwa moja.

"Wewe ndiye Haruna wa kave," akasema.

Nikaitikia. Akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akanieleza kwamba kila mwaka, wakiwa wamekaa kule juu wakila jibini, dada yake alikuwa akimwambia: pale Haruna angesimama, kile Haruna angekipenda. Alisema kwamba baada ya miaka kadhaa alianza kuona kama kule juu tulikuwa tukienda watu watatu. Zubeda alimjibu kwa ajili yangu, kwa Kifaransa chake kichache, akamwambia asante.

Karakana ilifungwa kabla sijafikisha umri wa pensheni kamili. Hakukuwa na ugomvi. Ngozi mpya hazihitaji mtu wa kuzipigia pasi, ndivyo ilivyo. Meza yetu ilikuwa imejengewa mle ndani ya kave, haikuweza kupita mlangoni, wakaikata kwa msumeno ili itoke.

Baridi moja baadaye Agnès alinipigia simu. Alisema theluji ni nzuri, kama nataka kuja, ana nafasi kwenye kundi. Nilisitasita. Zubeda akaanza kukanda unga wa sambusa bila kuniuliza, kwa hiyo nikaenda.

Siku ile kila kitu kilikubali. Mbingu ilikuwa safi, theluji kavu tangu msituni, upepo haukuwapo kwenye ule mteremko mdogo wa katikati. Ngozi zilishika kutoka hatua ya kwanza mpaka ya mwisho. Sikutumia nta, sikutumia mkanda. Na njia nzima nilijikuta ninaweka mambo kichwani: kwamba kijito kimehama kidogo kuelekea kushoto, kwamba gundi ilisita vizuri nilipobandua, kwamba kuna mti umeanguka pale kwenye kona, kwamba magoti yangu yanalalamika zaidi kwenye kushuka. Nilikuwa ninayapanga, kama mtu anayekwenda kumsimulia aliyebaki dirishani.

Tukafika juu. Bonde moja lilikuwa na jua na jingine lilikuwa bado kwenye kivuli cha buluu. Niligeuka niseme, na nyuma yangu walikuwa vijana wawili wasionifahamu, wameketi juu ya mabegi yao wanakula mkate.

"Ni mara yako ya kwanza hapa?" msichana akaniuliza.

"Ya kwanza."

"Umebahatika na hali ya hewa."

Nikamwambia ni kweli, nimebahatika. Akanikatia kipande cha mkate, nikakila nimesimama. Halafu nikabandua ngozi, moja kisha ya pili, nikazikunja, nikashuka na wenzangu. Nyumbani Zubeda aliniuliza kulikuwaje, nikamwambia kulikuwa kuzuri sana.